Kuamia

Saa moja kasoro nakabidhi funguo za kabati la dawa.
Daftarini nimeandika: chumba cha tisa kalala vizuri,
chumba cha kumi na moja kapiga makofi hadi alfajiri,
sababu haijulikani.
Kisha navuta baiskeli kutoka nyuma ya mapipa,
nabana pindo la suruali kwa mpira uliofunga mboga,
nateremka.

Barabara za Virgil hazikupewa majina ya mashujaa.
Zina namba tu: Mstari wa Pili, Mstari wa Tatu,
zimenyooka kama mtu aliyeapa kusema kweli.
Kushoto mizabibu, kulia mizabibu,
katikati mimi na mnyororo
unaosema tiki kila pedali ya kulia inapopanda.
Baiskeli ilikuwa ya mumewe Bi Katharina Wiebe.
Aliniuzia dola arobaini, akaongeza pampu
na chupa ya pichi alizozitia sukari mwenyewe,
akasema marehemu hakuwahi kuipanda akiwa na haraka.
Nami sina haraka. Anayenisubiri ni kitanda.

Ziwa silioni, ila lipo:
ubaridi wake unaingia kwenye mikono ya koti
kama mgeni asiyebisha hodi.

Mzabibu wa huku hulala. Mwaka wa kwanza sikuamini:
miezi mitano mti mweusi, mkavu,
umefungwa kwenye waya kama mtuhumiwa,
theluji hadi magotini.
Wa kwetu Hombolo haujui usingizi.
Ukiuvuna Machi, Agosti unakudai tena.

Buu!
Mzinga wa gesi, katikati ya shamba.
Vidole vimekamata breki kabla akili haijauliza.
Wingu la kwezi linanyanyuka, linajikunja,
linatua safu mbili mbele,
linaendelea kula.
Baada ya dakika saba utalia tena.
Hauna hasira, hauna njaa, hauna mtu.

Mimi nilikuwa mzinga.
Miaka minane, debe tupu la mafuta na kipande cha nondo,
kaka yangu Ndahani upande wa pili wa shamba.
Tuliamia tangu giza halijaondoka,
tukigonga, tukiwatukana ndege kwa majina ya walimu.
Yeye alijua kombeo, mimi nilijua kelele.
Darasani tulifika sauti zimekauka;
tulinyoosha mkono, tukaitwa, tukabaki tumesimama.
Zabibu zenyewe hatukuruhusiwa.
Tulikula mbili, tatu,
mbegu tukazimeza ili kufuta ushahidi.

Kwenye kona ya Mstari wa Tatu mnyororo unachomoka.
Ananikuta hapo Eleuterio, mtu wa Oaxaca,
naye juu ya baiskeli, mkasi wa kupogolea mfuko wa nyuma,
chakula cha mchana kikining'inia kwenye usukani.
Anainua gurudumu, anaingiza kidole kimoja,
anazungusha pedali nyuma kidogo,
mnyororo unarudi kwao.
Lugha hatuna. Kila mmoja ana maneno machache ya Kiingereza,
na yake si yangu.

Buu!
Tunashtuka wote wawili, watu wazima,
mmoja kaacha hata kofia ianguke.
Anajigusa kifua. Anashusha kiganja
hadi kimo cha mtoto.
Kisha anarusha mikono hewani: shh! shh!
Yeye mahindi, nadhani. Labda maharage.
Nami naokota debe lisilokuwepo, naligonga kwa nondo isiyokuwepo,
namtaja mwalimu wa hesabu kwa jina lake lote.
Tunacheka kwa sauti, tumeshikilia baiskeli zisianguke,
na kwezi, wote, wanaondoka,
wanavuka barabara, wanavuka nyaya za umeme,
safari hii hawatui.

Zimebaki kilomita nne. Nina grisi kwenye kidole cha shahada.
Usiku nikirudi zamu
nitakaa kwenye kitanda cha chumba cha kumi na moja,
nitamuuliza ni ndege gani.